Nafasi ya Masenge

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpiga ngoma wetu alichelewa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa kuchelewa kule. Wewe umezoea kunisikia nikigombana na wachelewaji. Ni kweli, sina subira nao, na wewe mwenyewe nilishakufungia mlango mara nyingi. Lakini Nesto wa Gihosha nilimsamehe siku ileile, tena kwa moyo mweupe.

Nakusimulia kwa sababu ya swali lako la juzi. Ulikaa hapa kwangu ukisoma karatasi za muziki wangu wa okestra, ule ambao watu wa redio hawachoki kuniuliza nilikoutoa. Ukafika mahali ambapo klarineti inapiga maneno mafupi, halafu wote wananyamaza. Inapiga tena, wananyamaza tena. Ukaniangalia kwa adabu, lakini macho yako yalishasema yote: bibi huyu amesahau kumaliza kazi. Kisha ukaniomba ruhusa, eti ujaze pale na violini kidogo kwa ajili ya tamasha la shule yenu. Mimi nikachukua kikombe changu cha chai, nikaingia ndani. Haikuwa hasira. Haya, ilikuwa hasira kidogo. Sasa imepoa, kaa nikwambie.

Mimi nililelewa na shangazi yangu Leokadia, dada yake baba. Tulimwita Masenge, ndivyo Warundi wanavyomwita shangazi, na kwa muda mrefu nilidhani hilo ndilo jina lake la ubatizo. Wazazi wangu walikufa ningali mdogo hata sura zao sizikumbuki. Masenge alikuwa na migomba yake huko vilimani, juu ya Bujumbura. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye sauti ya kukwaruza, na akikutazama ukiwa umefanya kosa ulitamani afadhali akuchape yaishe. Alinipeleka kusoma mjini kwa masista, nikalala bweni, na kwa masista ndiko nilikoshika violini. Aliponiona nayo mara ya kwanza aliuliza kama kile chombo kina maumivu, kwa jinsi kilivyokuwa kinalia.

Sasa sikiliza desturi, maana ninyi wa siku hizi mnasalimiana kwa kidole gumba kwenye simu. Wanawake wa vilimani wakikutana baada ya kupoteana siku nyingi, hawaulizani habari na kupita. Wanasimama, wanashikana mikono, wanasalimiana kwa wimbo unaoitwa akazehe. Mmoja anaita, mwenzake anaitikia, na sauti ya huyu inaingia palepale ya yule inapovuta pumzi. Humo ndani wanaulizana watoto, ng'ombe, mvua, wagonjwa. Na haikatwi njiani. Mvua ikinyesha mnalowa mpaka akazehe iishe.

Masenge alinifundisha sehemu ya kuita, yeye akabaki na ya kuitikia. Kila niliporudi likizo, nilifika chini ya kilima, pale kijito kinapokatiza njia, nikaanza kuita. Nyumba huioni ukiwa pale, migomba inaificha. Naita, nasubiri. Mara kutoka ndani ya migomba sauti yake inaitikia. Hapo ndipo nilipojua nimefika nyumbani, hata kabla sijaona bati. Tulikwenda hivyo, mimi nikipanda na yeye akishuka, mpaka tukashikana mikono njiani.

Halafu vita vikaja. Vita sitakueleza, kuna mambo sitaki kuyaingiza katika nyumba hii mchana mzuri kama huu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, napanga chumba Kamenge na wenzangu. Kamenge ikawa haikaliki, tukatoka na tulivyovaa, nikapata chumba kingine Buyenzi. Na huko vilimani watu nao wakakimbia, Masenge miongoni mwao, wakaelekea Kongo. Mwanzoni nilipata salamu zake kwa watu waliopita. Baadaye salamu zikakatika. Kisha siku moja akaja mtu wa kilima chetu, akakaa mbele yangu akiikunja kofia yake, akaniambia kwamba kundi la wanawake lilichukuliwa na maji likivuka Rusizi, na kwamba alikiona kitenge cha Masenge kwa macho yake.

Kile kitenge nilikijua. Cha kijani, chenye ndege wekundu. Nililia mpaka sauti ikakauka, na nilipomaliza kulia nikawa mtu wa kukaa tu. Chakula nilikitazama, violini niliitazama. Baba yangu mdogo Zakaria, mdogo wake Masenge, alikuwa analinda nyumba ya watu Kinindo. Akanivumilia miezi mingi. Mwisho akaja akasema, "Fide, kaburi hatuna, lakini kwaheri tunayo. Tufanye misa, tuondoe matanga. Na we ndiye unajua muziki. Mutengenezee dada yangu kitu." Nikakubali.

Basi nikawa na pa kupeleka majonzi yangu. Kulikuwa na mtu mmoja kutoka Uvira, Mwalimu Bahati, aliyekuja Bujumbura kama mkimbizi. Asubuhi aliuza ndagala sokoni, mchana alikusanya kila aliyekuwa na chombo cha muziki ambacho hakijaibwa. Mabaki ya fanfari, ile bendi ya tarumbeta ya kanisani, wanafunzi wenye violini, na Deo wa klarineti, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Tulijiita okestra kwa ubishi tu. Mikono ya Mwalimu ilinuka samaki na hatukujali, kwa maana akiinua ile mikono, tulisahau kilichokuwa kinalia nje.

Mahali pa mazoezi tulipewa na Mzee Salimu, Mwarabu wa duka la vitambaa katika mtaa wa Asiatiki. Babu yake ndiye aliyetoka Omani, yeye alizaliwa palepale nyuma ya duka. Masenge alikuwa mteja wake wa zamani, kila mwaka alinipeleka kwake kununua kitambaa cha sare. Nilipomweleza kwamba Masenge hayuko tena, alitaja jina la Mungu, akanipa ufunguo wa depo yake, ghala la duka. Depo ilijaa marobota ya vitambaa mpaka juu, tarumbeta ikipigwa mle ilisikika kama imevaa sweta. Madirisha yalitazama baraza ya duka. Masharti yake yalikuwa mawili tu, tunyamaze wakati wa adhana, na tuondoke mapema ili kila mtu awe kwake kabla ya saa ambazo askari walikataza watu kutembea.

Nikaanza kuandika ule muziki. Sikutafuta mbali. Nilimpa Deo sehemu yangu, ile ya kuita, niliyokuwa naiimba pale kijitoni. Violini nikazipa majani ya migomba yakisuguana, tarumbeta nikazipa ng'ombe wa jirani. Lakini pa kuitikia nilishindwa kuweka kitu. Nikajaribu violini, nikafuta. Nikajaribu filimbi, nikafuta. Sehemu ile ilikuwa na sauti ya mtu, na mtu huyo sikuwa naye. Nikaiacha kimya.

Mwalimu Bahati alinivumilia mara kadhaa, kisha akaniita pembeni.

"We Fide, hapa watu watazani tumesahau kupiga. Watakohoa. Weka ngoma."

"Pale ni pake, Mwalimu."

"Najua. Lakini yeye hayiko tena, mutoto wangu. Hii fasi ikibaki wazi, utakuwa unaangukia mule kila siku."

Aliniambia kwa upole, na alikuwa mtu aliyezika wengi. Nilibisha wiki ile, nikabisha na iliyofuata. Mwisho nilichoka, mwanangu. Kuna kuchoka ambako mtu hulala akaamka nako. Nikachukua kalamu, kila pale pa kuitikia nikaweka ngoma ya Nesto. Tukaijaribu mara moja kwa kugonga kreti, na ilipendeza, watu wakapiga makofi. Mimi niliporudi Buyenzi nilikaa kitandani nikahisi kama nimemfungia mtu mlango, nikajiambia huo ndio utu uzima.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Misa ilikuwa kesho yake. Nesto alitakiwa ateremshe ngoma yake kutoka Gihosha, tufanye mazoezi ya mwisho. Tukamsubiri. Mmoja akaja akasema barabara ya Gihosha imefungwa na askari tangu asubuhi, hakuna anayepita. Tukasubiri tu. Mimi nikawa naenda na kurudi, namtukana Nesto na ukoo wake wote. Adhana ya alasiri ikaanza, tukanyamaza. Mzee Salimu akashusha mlango wa duka, akapita mlangoni kwetu na kofia yake nyeupe.

"Bado hamjaanza? Nyinyi mtaanza kesho kanisani?" akasema, akaenda zake msikitini.

Mwalimu akatazama jua. "Tupige bila Nesto," akasema. "Ngoma muisikie mu moyo."

Tukapiga. Majani ya migomba yakaingia, na ng'ombe wa jirani. Kisha Deo akaita, yale maneno mafupi ya kijitoni. Ngoma haikuwepo, kukawa kimya. Niliinamisha kichwa nisimwone mtu. Deo akavuta pumzi, akaita mara ya pili.

Na nje, upande wa baraza, sauti ikaitikia.

Deo alitoa klarineti mdomoni. Mkono wa Mwalimu ulibaki hewani. Watu wakatazamana, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilijiambia: haya Fide, sasa umeshapata wazimu, tena umeupata mbele za watu.

"Deo," nikasema, "rudia."

"Fide, mimi…"

"Rudia, nakuomba!"

Akarudia. Nje, ile sauti ikaitikia tena, ikaingia palepale pumzi ilipokatika. Ilikuwa imekwaruzika kuliko nilivyoikumbuka. Lakini hakuna mtu mwingine duniani aliyejua pa kuingia vile. Sikumsubiri Deo tena, nikafungua kinywa changu mwenyewe nikaita kwa nguvu zangu zote, na nikaitikiwa. Violini sijui nilimpa nani. Niliruka marobota yale, mwanangu, usinione hivi na magoti haya, nikatoka nje mbio.

Kwenye baraza ya duka alikuwa amekaa mwanamke mwenye furushi miguuni. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, amevaa ndala mbili zisizofanana. Akainuka polepole akishika ukuta. Masenge wangu. Mama yangu wee! Nilimrukia nimkumbatie, naye akaninyooshea mikono, akanishika hapa juu ya viwiko, akaniweka mbali naye kidogo. Akazehe haikatwi. Alikuwa ameitikia, na sasa zamu ilikuwa yangu.

Na mimi sauti ikakwama. Nalia, kamasi zinatoka, kila neno limenipotea. Yeye akasimama ananitazama kwa ukali uleule wa zamani, anasubiri. Hakunisaidia hata neno moja. Okestra nzima imejaa mlangoni, wapita njia wamesimama, na yeye anasubiri tu. Nikavuta pumzi, nikashindwa. Nikavuta tena, nikaipata. Nikaita, akaitikia. Tukaulizana migomba ambayo ilishachomwa, na ng'ombe ambao walishaliwa, na mvua, na wagonjwa, mpaka mwisho wake. Ilipoisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mbona umekonda hivi?" akasema. "Hapa mujini hawapike?"

Kisha tukaenda chini wote wawili, tukakumbatiana palepale sakafuni. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia tangu yule mtu aliponiletea habari ya mto. Alinuka moshi na vumbi la lori. Nilimshika masikio, nikamshika vidole, mpaka akanipiga kikofi. "Acha, siko kuku wa sokoni." Watu walicheka huku wanalia, na Mwalimu Bahati alipenga kamasi kwenye kitambaa chake cha samaki.

Kitenge cha kijani kilikuwa chake kweli. Lakini hakuwa amekivaa yeye. Alikuwa amempa mwenzake aliyekuwa akitetemeka kwa homa, na huyo mwenzake ndiye aliyechukuliwa na maji. Alitutajia jina lake, akatuomba tulitaje sisi pia, tukalitaja wote pale barazani. Yeye alivuka siku nyingine, akashuka mpaka Fizi, akalima mashamba ya watu. Huko nako risasi zilipoanza, akageuza. Alikuwa ameteremka kwenye lori asubuhi ileile. Alikwenda Kamenge, akakuta nyumba yetu haina bati wala mlango, majirani hawapo, hakuna wa kumuuliza. Zakaria hakujua analinda wapi siku hizo, na mlango pekee uliobaki aliokuwa anaujua mjini ulikuwa wa Mzee Salimu. Akafika akakuta umeshushwa kwa ajili ya sala, akakaa amsubiri.

"Nikasikia unaniita," akasema. "Nikajua umeshafika pale kijito."

Tulikuwa bado tunamnywesha Masenge maji, mara Nesto akatokea, ngoma kichwani, jasho hadi kwenye viatu. "Pardon, pardon, barabara walifunga, mi nimezunguka…" Hakuna aliyemgombeza. Mwalimu alikuwa amelewa furaha, akapiga makofi. "Kila mutu fasi yake! Tumupigie Mama muziki wake, sasa umetimia!" Tukaingia wote, Masenge tukamkalisha juu ya robota, mikono magotini.

Tukapiga. Kwenye majani ya migomba Masenge alitikisa kichwa. Kwenye ng'ombe wa jirani akatabasamu, jino moja halipo. Deo akaita. Nesto akashusha fimbo zake kwa nguvu zote, depo ikatetemeka.

Masenge akainua mkono. "Simameni. Huyu anapiga nini?"

"Napiga vile wameandika, Mama," akasema Nesto.

"Pale ni fasi ya nani?"

Nesto akanitazama. Mwalimu naye akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Tulizani umekufa, Masenge," nikasema.

"Hata kama nimekufa! Unaita mutu, kisha unafunika kinywa chake na ngoma? Basi ulikuwa unaniita ya nini?"

Hakupandisha sauti. Akakunja kitenge chake vizuri magotini, akasema mambo ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Kule Fizi nililima na wanawake wasiojua luga yangu. Kila asubuhi, jembe mukononi, mi nilikuwa naitikia. Naitikia tu. Pa kuita nilinyamaza, sababu pa kuita ni pako. Walisema huyu mama kichwa kimeharibika, anaitikia mutu asiyeko. Waliniambia pia wewe umekufa, Fide. Wengi waliniambia, wengine waliapa. Mi nikanyamaza pale pako kila siku, sikuweka hata pumzi yangu. Na we umeweka ngoma ya Gihosha!"

Mimi machozi yalikuwa yanadondoka kwenye viatu. Nesto, maskini, akauliza kwa unyonge, "Lakini Mama, ngoma yangu ina kosa gani?"

"Ngoma yako nzuri sana, mutoto wangu. Tafuta fasi yako."

Hapo tulivunjika mbavu. Hata yeye alicheka, na kucheka kukamletea kikohozi, tukamgonga mgongoni. Mwalimu Bahati akaja na kalamu, akaniwekea mkononi. Nikafuta ngoma pale pote. Nesto nikampa mwisho wa muziki, baada ya watu kushikana mikono, apige hapo mpaka kuta zimsikie. Ndiyo ile ngoma unayoipenda, iliyokushtua ukamwaga chai.

Mzee Salimu akarudi kutoka msikitini, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

"Leokadia? Wewe si tumekuombea dua?"

"Omba tena, Mzee. Bado naihitaji."

"Alhamdulillahi," akasema, "alhamdulillahi," akaligeuzia robota uso ili tusimwone anavyofuta macho. Akaagiza chai na sambusa kwa ajili ya wote, kisha akamkatia Masenge kitambaa. Alitafuta cha kijani. Masenge akakataa, akachagua cha manjano.

Kinindo tulifika jua likiwa linaegemea ziwa. Baba mdogo Zakaria alikuwa getini anachambua maharage ya matanga. Alipomwona dada yake anakuja kwa miguu yake, alikaa chini palepale barabarani, sinia likamwagika, na Masenge akaanza kumgombeza kuhusu maharage. Kesho yake misa ilisomwa, lakini ya shukrani, na yale maharage ya matanga aliyala marehemu mwenyewe, akaomba aongezewe. Tulipopiga muziki kanisani alikuwa amekaa mbele, amevaa manjano, na kila Deo alipoita aliitikia kwa sauti ile ya kukwaruza. Yule mwenzake wa kitenge cha kijani padri alimtaja kwa jina lake. Nililala siku ile usingizi wa mtoto.

Aliishi miaka mingi, mwanangu. Aliona bunduki zikinyamaza. Alirudi kupanda migomba yake, akazeeka, akafia kitandani kwake huku nimemshika mkono, na mambo ambayo wengi hawakupewa yeye alipewa. Huo muziki nao ulisafiri, ukapigwa na okestra kubwa za watu wenye kumbi za mazulia. Kila mara mwongozaji mmoja aliniuliza kama unavyoniuliza wewe: hapa, mama, tuweke nini? Nikajibu, usiweke kitu. Wengine walinuna.

Baada ya kumzika, tulialikwa kuupiga hapa Bujumbura. Nilitaka kukataa. Nilijua klarineti itaita, na safari hii pale patakuwa na kimya cha kweli. Nikaenda, nikakaa mbele, nikafumba macho. Klarineti ikaita. Kimya. Nikajisemea, vumilia, Fide. Ikaita mara ya pili, na kutoka viti vya nyuma kabisa mwanamke mmoja akaitikia. Simjui. Mpaka leo simjui. Ya tatu wakaitikia wengine upande wa dirishani, kisha wengine tena, wanawake wenye umri wangu na wengine wenye umri wako, ambao nadhani walifundishwa na mama zao katika makambi. Niligeuka nikawatazama. Wengine walikuwa wamefumba macho, na hawakuwa wanamwitikia shangazi yangu. Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Kama ningekuwa nimejaza pale, wangeketi kimya na mioyo yao imejaa, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, wala sitaizungusha. Ukiita mtu, mwachie pa kuitikia. Katika muziki wako, katika ndoa yako, katika ugomvi na rafiki yako, usiseme yako na ya mwenzako pia. Watakuja watu wema kama Mwalimu Bahati, wakupendao kweli, wakwambie jaza, funga, yatosha. Wasikilize kwa heshima, lakini nafasi ya mtu usiigawe kwa sababu umechoka kuitazama ikiwa wazi. Na wewe nawe, ukiwa mbali, ukiwa Fizi yako, shika sehemu yako uiitikie kila asubuhi, hata wakisema kichwa kimeharibika. Kuna mtu anaitunza sehemu nyingine bila wewe kujua. Kwa hiyo violini zako pale, hapana. Nakupenda, lakini hapana.

Nenda sasa, kamwambie mpiga klarineti wenu aite vizuri, halafu anyamaze bila woga. Mungu aibariki mikono yako na sikio lako. Akupe wakali wa kukupenda kama nilivyopewa mimi. Akurudishie walio njiani, nawe akurudishe kwa wanaokungoja. Na kila utakayemwita, mwanangu, akuitikie ungali chini ya kilima, kabla hujaiona nyumba.